Mabomba Yanayopiga Kelele: Itambue Sauti Kabla Hujamwita Fundi

Fundi bomba akifika nyumbani, mara nyingi mabomba huwa yamenyamaza. Kishindo kilichowaamsha watu usiku hakisikiki asubuhi, na mluzi wa bafuni hutoka pale tu mtu mwingine anapofungua maji ya moto jikoni. Fundi atakuuliza, "Inalia wapi?" Utamwonyesha ukuta, naye ataanza kuugonga. Kuta nyingi zisizo na kosa huvunjwa kwa namna hiyo.

Swali lenye faida zaidi ni inalia lini. Maji na chuma hupitisha sauti vizuri mno, kwa hiyo koki iliyochakaa jikoni inaweza kusikika kama tatizo la ukuta wa chumba cha kulala. Ukijua ni kitu gani kilifunguliwa au kufungwa sekunde ile ile sauti ilipotoka, umeshakaribia chanzo kuliko mtu anayepapasa plasta. Baadhi ya vyanzo utaviondoa mwenyewe kwa spana na washa mpya, yaani kile kipande kidogo cha mpira kinachoziba maji ndani ya koki. Kwa vilivyobaki utamwita fundi ukiwa na jambo la kumwambia.

Sikiliza, andika, kisha jaribu

Kwa siku mbili tatu, kila sauti inapotokea andika saa, aina ya sauti, nani alikuwa anatumia maji na wapi, na kama yalikuwa ya baridi au ya moto. Andika pia kama sauti ilianza maji yalipofunguliwa, yalipokuwa yanatiririka, au yalipofungwa. Hilo la mwisho lina thamani kuliko yote yaliyotangulia, na ndilo watu husahau. Rekodi kwa simu pia, kwa sababu kuna siku sauti itakataa kutoka mbele ya fundi.

Baada ya hapo fanya jaribio la makusudi. Mtu mmoja afungue koki moja moja kwa zamu: kidogo, nusu, kabisa, aifunge polepole, halafu aifungue tena na kuifunga kwa ghafla. Mwingine azunguke akisikiliza. Vuteni choo na kusubiri hadi tangi lake lijae. Washeni mashine ya kufulia kama ipo, na msikilize inapokata maji. Mkitaka kusogea karibu zaidi na chanzo, chukueni bisibisi ndefu, ncha iguse bomba au valvu, na mpini uegemee kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sauti itakua kadiri mnavyokikaribia chanzo. Msifanye hivyo penye nyaya za umeme wala kwenye bomba linalochoma.

Kabla hujafungua chochote kwa spana, tafuta valvu kuu ya nyumba na uhakikishe inafunga kweli. Valvu isiyoguswa kwa miaka huganda. Izungushe kwa upole mbele na nyuma, ikigoma, iache. Shina la valvu likikatikia mkononi mwako usiku, utaitamani kelele uliyokuwa ukiilalamikia. Hiyo ichukulie kuwa kazi ya kwanza ya fundi atakapokuja.

Kishindo maji yanapofungwa

Unafunga koki, na papo hapo ukutani panalia pu! Au mashine ya kufulia inamaliza kujaza maji na nyumba nzima inasikia. Hii ndiyo kelele inayoogopesha watu zaidi, na si hofu ya bure.

Maji yaliyo mwendoni ni mzigo. Bomba lenye upana wa milimita 20 kwa ndani na urefu wa mita 20 hubeba zaidi ya kilo 6 za maji. Koki ikifungwa ghafla, uzito huo wote husimamishwa kwa mara moja, presha hupanda, na wimbi lake hukimbia ndani ya bomba kwenda na kurudi. Katika bomba la shaba wimbi hilo huenda zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Mwanasayansi wa Urusi Nikolai Zhukovsky, aliyechunguza mabomba ya maji ya Moscow na kutoa matokeo yake mwaka 1898, alionyesha kwamba ukubwa wa pigo hufuata kasi ya maji kabla hayajasimamishwa: kasi ikiwa mara mbili, pigo nalo huwa mara mbili. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakikatwa ghafla kabisa ndani ya shaba, presha hupanda kwa takriban baa 13. Presha ya kawaida ya nyumbani ni baa 2 hadi 4. Plastiki hutanuka kidogo na kulimeza pigo, ndiyo maana mabomba yake huvumilia zaidi, lakini viungo na fitingi zake navyo huchoka kwa kupigwa kila siku.

Kwa hiyo dawa ziko tatu: punguza kasi ya maji, punguza ukali wa kufunga, na ulishike bomba lisichezecheze. Anza na zisizo na gharama.

Funga koki polepole kwa siku nzima na uone. Kishindo kikitoweka, chanzo kimethibitika. Koki za wenzo, zinazofunga kwa robo ya mzunguko, ndizo zenye makosa mara nyingi, hasa mikononi mwa watoto. Mashine ya kufulia huwezi kuifundisha upole, maana valvu yake ni ya umeme na hukata maji mara moja. Hapo punguza valvu ndogo inayoipelekea maji; ikiwa wazi nusu, kasi hushuka na kishindo hupungua. Mashine itachelewa kidogo kujaa. Ikianza kutoa alama ya hitilafu ya maji, umefunga mno, fungua tena kidogo.

Kisha kagua mabomba yanayoonekana: chini ya sinki, kando ya ukuta wa nje, juu ya dari. Yashike kwa mkono wakati mwenzako anafunga koki kwa ghafla. Bomba linaloruka mkononi ndilo linalogonga ukuta. Liwekee klipu, na kati ya klipu na bomba uweke kipande cha mpira. Bomba la shaba la milimita 15 likiwa limelala hushikwa kila mita 1.2 hivi. La plastiki hutaka klipu zilizokaribiana zaidi; fuata maelekezo ya mtengenezaji. Nusu ya vishindo nilivyowahi kusikia watu wakivilalamikia ni bomba lililoachwa linaning'inia na fundi aliyekuwa na haraka, na klipu mbili zingetosha.

Nyumba za zamani zina vipande vya bomba vilivyosimama na kuzibwa juu, nyuma ya koki. Kazi yake ni kuhifadhi hewa inayobonyea pigo linapokuja. Baada ya muda hewa hiyo huyeyuka ndani ya maji na kipande hujaa, kisha kishindo kinarudi kana kwamba hakikuwahi kutibiwa. Kukirudisha ni rahisi: zima hita, funga valvu kuu, fungua koki ya juu kabisa ya nyumba, halafu ya chini kabisa, uache mabomba yamwagike hadi yakauke. Funga zote, kisha fungua valvu kuu taratibu. Maji yatarudi na kuikuta hewa imekaa mahali pake.

Kama yote hayo hayakutosha, kipo kifaa cha kupokea mshtuko wa maji. Ni kikopo kidogo chenye pistoni au ngozi ya mpira ndani, na gesi nyuma yake. Hufungwa karibu na kile kinachosababisha kishindo, ndani ya mita mbili hivi. Fundi akikuambia ataweka kimoja pale kwenye mita ili kitibu nyumba nzima, mwombe akueleze pigo litafikaje pale bila kuvipita viungo vyote vya njiani. Kwa mashine ya kufulia kuna aina inayofungwa kwa mkono kati ya koki na mpira wa mashine, na hiyo haihitaji fundi.

Mapigo ya mfululizo, mngurumo na mluzi

Sauti ikitoka wakati maji yanatiririka, na ikabadilika unapozungusha koki, chanzo kiko kwenye koki yenyewe au valvu iliyo karibu. Koki inayotetemeka du-du-du ikifunguliwa nusu karibu kila mara ina washa iliyolegea au kuchakaa. Funga valvu kuu, fungua kichwa cha koki, toa washa ya zamani, uende nayo dukani ulinganishe ukubwa, rudisha mpya na ukaze skrubu yake. Ni kazi ya muda mfupi. Koki zisizo na washa, zenye katriji ya kauri, hubadilishwa katriji nzima.

Mluzi ni maji yanayolazimishwa kupita mahali pembamba. Angalia kwanza valvu ambazo ziliwahi kufungwa na kufunguliwa nusu baada ya matengenezo. Hizi ni nyingi kuliko unavyodhani. Kisha fungua kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa koki. Mchanga na magamba ya chokaa hukusanyika pale. Kilowekwe kwenye siki usiku kucha kisuguliwe kwa mswaki mzee. Mluzi unaotoka kila koki inapofunguliwa, popote nyumbani, hauwezi kuwa wa koki moja. Huo ni wa valvu kuu, wa kidhibiti presha, au wa presha kubwa yenyewe.

Halafu kuna mngurumo wa usiku, unaoanza wenyewe bila mtu kugusa maji. Watu hulala wakiwa na hakika kwamba nyumba ina mashetani. Mchunguze kwanza boya, iwe la tangi la choo au la tangi la juu. Usiku watumiaji ni wachache, presha ya maji ya mtandao hupanda, na tangi hujaa taratibu. Boya linapokaribia kufunga, valvu yake hubaki wazi kidogo sana na maji hupenya kwa nguvu. Uso wa maji tangini hutikisika, boya hupanda na kushuka, valvu hufunga na kufungua mara nyingi kwa sekunde, na bomba zima hunguruma pamoja nayo. Ushahidi hupatikana kwa mkono: mngurumo ukianza, panda uliinue boya hadi mwisho, au funga valvu inayolisha tangi. Ukinyamaza papo hapo, umeipata.

Tiba ni kubadilisha washa ya valvu ya boya au valvu nzima, na kuhakikisha bomba linaloingia tangini limeshikwa imara kwenye ukuta wa tangi. Matangi ya plastiki yana kuta laini zinazocheza. Bila bamba la chuma au mbao ya kuimarisha pale bomba linapoingia, boya jipya nalo litaanza kunguruma baada ya muda. Wanaopata maji kutoka tangi la juu na kusikia kelele kubwa kwenye koki za ndani wakumbuke hesabu moja: kila mita 10 za kimo hutoa baa 1 hivi. Tangi lililo mita 3 juu ya koki hutoa baa 0.3 tu, ambayo ni ndogo mno kuleta vishindo vya kutisha. Katika nyumba kama hiyo elekeza macho kwenye bomba linalojaza tangi, au kwenye pampu.

Tik-tik ya maji ya moto

Sauti ya kugongagonga au kukwaruza inayoanza dakika moja baada ya kufungua maji ya moto, na kurudi tena yanapopoa, ni bomba linalorefuka na kufupika. Mita 10 za shaba zikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka kwa karibu milimita 7. Mabomba ya plastiki hurefuka mara kadhaa ya hapo. Bomba lililobanwa na saruji au klipu ya chuma hukwama, kisha huruka ghafla, ndipo inapotoka tik.

Haina hatari kubwa. Legeza klipu zinazofikika, weka mpira au sponji pale bomba linapopita kwenye tundu la ukuta au mbao, na usikubali kuvunja ukuta kwa ajili ya sauti hii peke yake. Mabomba mapya yakilazwa, mwambie fundi ayaachie nafasi ya kutembea kwenye kona.

Hita inayonguruma kama sufuria ni habari nyingine. Chini yake kuna matope ya chokaa, na maji yaliyonaswa humo huchemka na kupasuka kuwa mapovu. Inahitaji kuzimwa umeme au gesi, kupozwa, kumwagwa na kusafishwa. Hapo pia kagua valvu ya usalama. Isizibwe kamwe, hata ikidondosha maji na kukuudhi, kwa sababu ndiyo inayozuia hita isipasuke.

Hewa, pampu, na maji machafu

Koki inayokohoa na kutema maji baada ya maji kukatika na kurudi imeingiliwa na hewa. Fungua koki zote taratibu, ukianza na iliyo karibu na valvu kuu hadi ya mbali na ya juu kabisa, uziache hadi mkondo utulie. Hewa ikirudi kila siku ingawa maji hayakukatika, huenda pampu inavuta hewa kwenye kiungo cha upande wa kunyonya, au tangi linakaribia kukauka.

Pampu inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache wakati koki imefunguliwa kidogo, imepoteza hewa kwenye tangi lake la presha. Kuna kipira cha kujazia hewa kama cha tairi. Zima pampu, mwaga maji yote ya tangi hilo, pima hewa, ujaze hadi chini kidogo ya presha ambayo pampu huwakia. Maji yakitoka kwenye kipira hicho, ngozi ya ndani imepasuka na tangi linabadilishwa.

Gulugulu kwenye sinki au tundu la bafuni, hasa choo kinapovutwa, ni ya mabomba ya maji machafu. Bomba la kupumulia limeziba, au njia inaanza kuziba. Usiichanganye na kelele za maji safi, kwa kuwa vifaa na kazi zake ni tofauti, na harufu ikishaanza kupanda si jambo la kungojea.

Mchirizo usiokoma

Sauti moja haitaki subira: shsss ya chini, isiyokoma, koki zote zikiwa zimefungwa. Maji yanakwenda mahali. Soma mita, usitumie maji kwa saa nzima, usome tena. Ikiwa imesogea, funga valvu kuu ya nyumba na urudie. Mita ikisimama sasa, uvujaji uko ndani ya nyumba. Ikiendelea kusogea, uko kati ya mita na valvu hiyo.

Uvujaji ukiwa ndani, shuku choo kwanza. Tia rangi kidogo kwenye tangi la choo, usubiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini haufungi. Choo kikiwa salama na mita bado inatembea, acha kubahatisha, funga valvu kuu unapotoka nyumbani, mwite fundi.

Pima presha, kwa sababu ndiyo iliyo nyuma ya mengi

Geji ya presha inayofungwa kwenye koki ya nje ni kifaa rahisi, na ningemshauri kila mwenye nyumba awe nayo kabla ya kununua kitu kingine chochote kwa ajili ya kelele. Ifunge, fungua koki hiyo kabisa, hakikisha hakuna anayetumia maji, usome. Rudia usiku wa manane au alfajiri, kwa kuwa namba ya mchana haisemi yote. Baa 2 hadi 4 ni sawa. Ikipita baa 5.5, yaani psi 80, mfumo unahitaji kidhibiti presha, na kama kipo tayari, kimechoka.

Kuna jambo hapa ambalo mafundi wengine hulisahau. Kidhibiti presha au valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma ikishawekwa, maji ya hita hayana tena njia ya kurudi kwenye mtandao yanapotanuka. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa lita 1.5 hivi. Zisipopata pa kwenda, presha hupanda, valvu ya usalama hudondosha, na maboya huanza kulia. Kwa hiyo kidhibiti na hita vikikutana, uliza kuhusu tangi dogo la kutanukia.

Lini umwite fundi, na umpateje

Usijaribu mwenyewe ikiwa bomba liko ndani ya ukuta au chini ya sakafu, ikiwa kazi inagusa hita au gesi, au valvu kuu haifungi. Mita na bomba lililo kabla yake kwa kawaida ni mali ya mamlaka ya maji, hivyo fundi wako asiviguse bila idhini yao. Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba. Anayekaa kwenye jengo la ghorofa awaulize majirani, maana pengine kishindo unachokisikia ni cha mashine ya kufulia ya jirani.

Tafuta majina matatu, si moja. Waulize watu waliofanyiwa kazi inayofanana na yako, na waulize kazi hiyo ikoje sasa, sio ilikuwaje siku ilipokamilika. Ikiwa nchi yako husajili mafundi bomba, omba namba ya usajili na uihakiki. Kwenye simu, soma ulichoandika: "Fundi, kinapiga kishindo kimoja mashine ya kufulia inapokata maji, upande wa baridi tu, na alfajiri presha ni baa 6." Kisha nyamaza usikilize atakavyojibu.

Anayeuliza maswali zaidi, kama vile mabomba ni ya aina gani, hita ipo, kelele ilianza baada ya matengenezo gani, huyo yuko kazini tayari. Anayesema ataleta geji ni bora zaidi. Anayetaja bei ya kubadilisha mabomba yote kabla hajafika, mshukuru ukate simu. Vilevile jihadhari na anayeahidi kunyamazisha kila kitu kwa kifaa kimoja. Kelele mbili zinaweza kukaa katika nyumba moja zikiwa na vyanzo viwili visivyojuana.

Akifika, mwache afanye majaribio yake mwenyewe. Usimlazimishe akubaliane nawe. Unachotaka kutoka kwake ni mpangilio: ataanza na lipi, likishindikana ataendelea na lipi, na ni wakati gani ukuta utaguswa. Washa, klipu, valvu na presha huja kabla ya tindo. Ikibidi kuvunja, akuonyeshe kwa nini pale na si pengine.

Mapatano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Bei ya vifaa itenganishwe na ya ufundi. Andika nani ananunua vifaa, nani atarudisha plasta na vigae, kazi itachukua muda gani, na kelele ikirudi ndani ya muda mtakaokubaliana atarudi bila malipo au vipi. Hilo la plasta huleta ugomvi kuliko yote. Fundi bomba wengi huhesabu kazi imekwisha maji yanapotoka, na kukuachia shimo. Malipo ya mwanzo yatoshe vifaa, yasizidi. Ikiwa kipande cha bomba la chuma kitabadilishwa kwa plastiki katika nyumba ya zamani, muulize fundi umeme kwanza, kwani kuna nyumba ambazo nyaya za umeme zimetumia bomba la maji kama njia ya kufikia ardhini.

Siku ya kazi

Waambie wote nyumbani maji yatafungwa saa ngapi, mjaze ndoo, mzime hita na pampu. Piga picha za mabomba kabla ya ukuta kufungwa, ukiweka futi au kipimo kingine kwenye picha. Siku utakapotaka kutoboa ukuta kutundika kabati, picha hizo zitakuepusha na chemchemi.

Ukuta usizibwe kabla ya jaribio la presha. Mabomba hujazwa, hufungwa, na kupandishwa hadi mara 1.5 ya presha ya kawaida, kisha sindano ya geji hutazamwa kama inashuka. Viungo vya gundi vipewe muda wa kukauka uliotajwa kwenye kopo kabla ya hapo. Baada ya kufungulia maji, ondoa vichujio vya koki na uache maji yakimbie dakika chache, la sivyo vumbi la kukata mabomba litaziba vichujio na kuzaa mluzi mpya.

Halafu rudieni pamoja majaribio yale yale uliyofanya mwanzoni: koki ile, kwa ghafla, mashine ile, choo kile. Mwombe akuachie vipuri vilivyotolewa, akuonyeshe vilivyochakaa wapi, na akuelekeze valvu zote mpya zinafunga nini; ziandikie kwa kalamu isiyofutika. Sehemu ya mwisho ya malipo iwe ya baada ya wiki moja, kama mlivyopatana, ukishapima presha ya alfajiri mara mbili au tatu. Namba ikiwa bado juu ilhali kidhibiti ni kipya, mwache fundi akirekebishe kabla hujamlipa. Ikishuka na mngurumo ukaendelea kuja kutoka upande wa barabarani, peleka vipimo vyako, pamoja na saa ulizovichukua, kwa mamlaka ya maji.